Fungu la Ndege wa Asali

Makongeni, Nairobi
7 Juni 1981

Mpenzi Baba Nasike,

Sisi hapa wazima. Nasike amejifunza kusema "hapana", kwa hivyo nyumba sasa ina wakubwa wawili. Wewe je? Mbu wa Kibwezi wamekubakizia damu ya kuandikia barua?

Nina shida ya shule na nataka macho yako. Nimeanza kuwafundisha kidato cha pili jinsi viumbe wa aina mbalimbali wanavyoishi pamoja. Wapo wanaofaidiana. Yupo anayefaidi ilhali mwenzake hapati wala hapotezi. Halafu yupo kimelea, kama kupe, anayemnyonya aliyembeba. Ni somo tamu, ila kitabu chetu kimeandikwa ng'ambo, na mfano wake mkubwa ni kaa wa baharini anayetembea na ua la bahari, kiumbe hai kinachofanana na ua, mgongoni. Nikachora ubaoni, nikageuka, wote wananitazama kama nimewauzia samaki aliyeoza. Nthoki, yule msichana wa nyumba inayotazamana na yetu, akainua mkono. "Mwalimu, umewahi kumwona huyo kaa?" Sijawahi. "Sasa tunajuaje kwamba hilo ua linapenda kubebwa?"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini swali limenikaa kichwani wiki nzima. Kweli, tunajuaje? Huko kwenu kuna nyika, kuna ng'ombe, kuna ndege. Niangalizie, uniandikie ulichokiona kwa macho yako, si cha kusimuliwa.

La pili ni nyumba. Kila nikisikia buti mlangoni nadhani ni Bwana Mbuthia wa ofisi ya nyumba amekuja kutwambia tuhame. Nyumba ni ya mtu wa reli anayefanya kazi Nairobi, na wewe hauko Nairobi. Ulisema umeyapanga. Umeyapanga na nani? Tukitolewa hapa, kwa mshahara wa shule ya harambee nitampeleka wapi mtoto?

La tatu ni ndugu yako. Laban analala, Patrobas. Nikienda shule amelala, nikirudi ndiyo anaamka, anakula, anavaa suruali yake ile ya miguu mipana, anatoka. Kurudi ni alfajiri. Ukimuuliza ametoka wapi, "Shemeji, mji ni mkubwa." Haki nitamjibu siku moja.

Wako,
Wacera


Kibwezi
16 Juni 1981

Mama Nasike,

Barua yako gadi wa treni aliniletea mkononi, nikaisoma nikiwa nimeshika taa ya ishara, nusura nisahau treni ya mizigo.

Ng'ombe wa hapa wana ndege wa kahawia wenye mdomo mwekundu wanaowatembea mgongoni wakidona kupe. Nilifurahi nikasema haya, mfano huu. Kisha nikasogea karibu. Ng'ombe alikuwa na kidonda begani, na ndege yule yule alikuwa akikichokoa anywe damu. Sasa huyo ni rafiki au ni mwizi? Waulize hao watoto wako, mimi nimeshindwa.

Lakini kubwa ni hili. Kitonga, mwenzangu wa kukagua reli, alinichukua Jumamosi kufuata ndege wa asali. Ni kijindege tu, huwezi kumtazama mara mbili. Alikuja akapiga kelele juu ya mti, kama mtu anayetikisa kiberiti. Kitonga akapiga mluzi. Ndege akaruka mbele, akasubiri, akaita tena, nasi nyuma yake mpaka kwenye mgunga wenye tundu. Nyuki! Kitonga akawasha moshi, akatoa asali. Nilipotaka kubeba sega la mwisho akanikamata mkono. "Hilo ni fungu lake." Akaliweka juu ya jiwe, akalifunika kwa majani machache siafu wasiliwahi, tukaondoka. Nilipogeuka, ndege alikuwa ameshatua anakula nta. Kwao Kitonga husemwa, ukimnyima fungu lake, siku nyingine atakuongoza mpaka kwa nyoka. Sijui kuhusu nyoka. Nta nimeiona ikiliwa.

Nyumba nimeipanga, niamini. Laban naye mwache alale. Mfunikie chakula chake kama zamani, hata akichelewa. Nakuomba hilo kwa moyo wangu wote, na usiniulize sababu.

Wako daima,
Patrobas


Makongeni
28 Juni 1981

Baba Nasike,

Wee! Ndege wako amelipindua darasa. Niliwasomea barua yako yote isipokuwa sehemu ya mwisho. Maswali yalinyesha. Nani alimfundisha ndege kwamba mtu ana moto? Je, anamwita mtu yeyote au anachagua mwenye kupiga mluzi? Nthoki akaenda kwao akamuuliza babu yake aliyekuja kutoka Machakos, akarudi na mluzi wenyewe, na sasa kidato cha pili chote kinapiga mluzi. Mwalimu mkuu ameniita mara mbili.

Nimepata pia mfano wetu wenyewe, hapa hapa. Kwenye kunde za shule, upande wa mtoni, mashina yamejaa vidukari, vile vidudu vidogo vyeusi vinavyonyonya maji ya mmea, na chungu wanapanda na kushuka kati yao kutwa. Nikatazama na wanafunzi mpaka magoti yakauma. Chungu anampapasa kidukari mgongoni, kidukari anatoa tone la maji matamu, chungu anakunywa. Kama kukamua ng'ombe! Lakini kidukari anapata nini? Nthoki akasema, "Tumwondoe mmoja tuone mwingine atafanyaje." Nikamkubalia mara moja, kwa sababu hilo ndilo jibu la swali lake mwenyewe la kaa.

Ili chungu wasipande tulihitaji grisi ya kupaka mashina. Nilimtajia Laban juu juu tu, na asubuhi nikakuta mezani mkebe wenye mabaki ya grisi nzito nyeusi. Sijui aliitoa wapi na nimeogopa kuuliza. Nusu ya mashina tumeyapaka, nusu tumeyaacha.

Sasa nikuchekeshe. Juzi Dedan aliuliza, "Mwalimu, hata kati ya watu kuna kupe?" Asubuhi hiyo nilikuwa nimemruka ndugu yako sakafuni, maji hayajatekwa, nimechelewa. Nikasema, "Wapo. Mtu mzima, nguvu tele, analala mchana kutwa, anaamka kula, anavaa suruali inayofagia barabara, anatoka." Darasa lilianguka! Nthoki alicheka mpaka akashika dawati. Jioni watoto wa laini yetu ya nyumba wote walikuwa wanajua, na sasa Laban akipita ni "Niaje, Kupe!" Jina limemkaa kama la ubatizo. Anacheka nao.

Chakula chake nimeacha kukifunika. Anayekuja saa za kula atakula. Wewe unaniomba bila sababu, mimi ninaye mbele ya macho yangu.

Wacera


Kariobangi
5 Julai 1981

Shemeji,

Niaje huko. Usishtuke kuona barua kutoka kwa mtu uliyekuwa unamruka sakafuni. Nimehamia huku kwa Gachanja, mse wangu, rafiki anayechomelea milango. Kuna makelele ya nyundo kutwa, kulala ni kubahatisha, lakini tumebanana vizuri.

Nisikufiche. Jina la mtaani halinitishi, mimi nimelelewa Eastlands na nimewahi kuitwa mabaya zaidi. Wakubwa pale mferejini waliponiita nilicheka. Lakini Ijumaa Nasike alinikimbilia, akanikumbatia mguu, akasema kwa furaha yote, "Ankoli Kupe!" Yeye anadhani ni jina langu. Hapo nilishindwa, shemeji. Nilimbeba nikamzungusha kama kawaida, nikamweka chini, nikaanza kukunja nguo.

Nimekuachia ufunguo kwa mama yake Nthoki. Lile bati la jikoni linalovuja nimeliziba. Na unijulishe kunde zimeendaje. Nilipita pale asubuhi kabla sijahama nikachungulia, chungu walikuwa wanazunguka ile grisi wakiwa wamechanganyikiwa, hawajui wapite wapi. Nilisimama kama dakika kumi kama mjinga. Mambo haya yako ni matamu, ujue.

Shemeji yako,
Laban


Makongeni
12 Julai 1981

Patrobas,

Leo sina salamu.

Laban amehama. Nilipoisoma barua yake nilitaka kufurahi na sikuweza. Nasike ananiuliza kila jioni Ankoli Kupe yuko wapi, na kila akilitaja hilo jina naona haya mpaka masikioni.

Nilijiambia nitazame mbele. Tukaenda kwenye kunde. Mashina yenye grisi hayana tena vidukari! Wamekuja wadudu wekundu wenye madoadoa meusi wamewamaliza. Kwenye mashina yenye chungu, wale wekundu wakitua wanaumwa wanafukuzwa. Kwa hivyo chungu si mnywaji tu, ni askari. Tulikuwa tunamwona anakunywa mchana, kazi yake hatukuiona mpaka tulipomwondoa. Nthoki akaiandika hivyo hivyo ubaoni, nikampigia makofi.

Nikarudi nyumbani na furaha yangu, nikamkuta Bwana Mbuthia mlangoni. Mtu mpole, kofia mkononi. "Mwalimu, namtafuta mfanyakazi wetu wa nyumba hii." Nikamwambia uko Kibwezi. "Si huyo. Laban. Mwosha mabehewa. Jana alipoulizwa kazini anakolala, amesema Kariobangi. Nyumba hii tuliiacha kwenu kwa kuwa yeye ameandikwa hapa Nairobi na analala humu. Kama hayumo, mwisho wa mwezi itabidi niipe familia nyingine."

Mwosha mabehewa! Anaosha usiku mabehewa yakiwa yamelala stesheni, na mchana ananiacha nimruke. Grisi nayo sasa naijua ilikotoka. Na wewe ulijua! Uliniandikia ndege na ng'ombe, ukaniacha nimchekeshee darasa ndugu yako, mtu ambaye mimi na mtoto tunalala chini ya paa lake. Kwa nini hukuniambia, Patrobas? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Wacera


Kibwezi
17 Julai 1981

Mama Nasike,

Una haki ya kukasirika. Nikieleza utakasirika zaidi, lakini nitaeleza.

Waliponihamisha huku, nyumba ilikuwa inakwenda. Nafasi pekee iliyokuwapo reli ilikuwa ya kuosha mabehewa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vyoo. Laban aliichukua siku hiyo hiyo. Alitaka kitu kimoja tu, nimwapie kwamba sitakwambia. Nikamwambia, Wacera ni mtu wetu, kwa nini? Akanikumbusha safari yetu ya Krismasi kwenda kwetu Webuye, sote watatu katika gari moshi. Ulirudi kutoka chooni umeziba pua, ukasema, "Anayeosha hivi siwezi kula naye meza moja." Ulisema kwa mzaha. Sote tulicheka. Yeye pia alicheka, ndivyo alivyo, hucheka kwanza.

Ndiyo maana huoga kazini, huvaa ile suruali, huja nyumbani akinukia sabuni. Hakutaka kukufanya uhame meza. Nami niliapa kwa jina la mama yetu, ningefanyaje? Nikaona nikikuomba umfunikie sahani utanielewa. Nilikosea. Mtu hapewi fumbo mahali anapohitaji ukweli.

Nimemwandikia arudi. Amenijibu kwamba atafikiri. Mimi hanisikii. Jaribu wewe.

Patrobas


Makongeni
20 Julai 1981

Shemeji Laban,

Uliniuliza kuhusu kunde, nami nitakujibu, kwa sababu katika watu wote niliowaambia habari za chungu ni wewe peke yako uliyekwenda kuwatazama bila kulazimishwa. Mashina ya grisi yamebaki bila vidukari. Chungu ndio waliokuwa wanawalinda.

Patrobas ameniambia yote. Maneno ya ndani ya gari moshi niliyasema, hayana utetezi. Jina la Kupe pia ni langu, watoto walilipokea kwangu. Naona haya, Laban, na nimelia, na sikuandikii ili unionee huruma.

Bwana Mbuthia ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Nakwambia waziwazi ili usije ukasikia kwa mwingine ukadhani nimeficha. Ndiyo, nyumba naitaka. Lakini hata kama unataka kubaki Kariobangi na nyumba iende, njoo Jumapili ule na sisi. Meza moja. Tutatafuta chumba Mbotela, tutaishi. Tangu Ijumaa nimeanza tena kukifunika chakula chako. Asubuhi Nasike anakifunua, anatazama, anasema, "Bado."

Shemeji yako,
Wacera


Kariobangi
24 Julai 1981

Shemeji,

Hilo la "Bado" si haki. Ungeandika barua nzima kwa neno hilo moja ukaokoa karatasi.

Nitarudi, lakini si kwa kunyemelea na mkoba jioni. Jina lilitoka shuleni, lifie shuleni. Jumatano nikitoka kazini nitapitia darasani kwako. Nitakuja na ovaroli, sitabadilisha. Waambie hao kidato cha pili waulize lolote, na wewe usiwazuie. Nimechoka kunukia sabuni.

Laban


Makongeni
2 Agosti 1981

Mpenzi Baba Nasike,

Keti kwenye kitu kisichovunjika, nikusimulie.

Jumatano alikuja. Ovaroli imelowa mpaka magotini, buti, brashi ya mpini mrefu begani kama mkuki. Nikawaambia, "Mwezi uliopita nilitoa mfano wa kupe. Mfano ule ulikuwa wa uongo, kwa sababu sikupima. Nilimtazama mtu mchana tu."

Kisha wakamuuliza. Unaosha mangapi kwa zamu moja? Je, vyoo pia? "Hasa vyoo," akasema. Dedan akataka kujua grisi inakaa wapi katika gurudumu, Laban akachora ubaoni, nusu saa ikapita, na chaki yangu yote ikaisha. Nimeona mambo ya magurudumu ambayo hukuniambia miaka yote hii, ewe mtu wa reli.

Mwisho Nthoki akasimama. Unajua haachi kitu kikiwa nusu. "Mwalimu, kama si kupe, basi ni nani? Anafaidiana na nyinyi? Nani amembeba nani? Yeye ana mahali pa kulala kwa sababu yenu, nyinyi mna nyumba kwa sababu yake." Nami nilikuwa natafuta safu ya kumwandikia ubaoni, ya wanaofaidiana au ya kupe! Laban akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Mimi ni shemeji yake." Kama jambo lililo wazi. Nthoki akafikiri, akakaa, akaandika. Sijui ameandika nini, na sijamtaka anionyeshe.

Bwana Mbuthia amekuja, amemkuta amelala sakafuni, amemruka, ametia alama yake. Nyumba tunayo. Mtaani Kupe linakufa polepole, sasa wanamwita Behewa, na hilo amelipenda mwenyewe. Nasike amekataa majina yote mawili, anamwita Ankoli basi.

Habari za ndege wako wa asali nilimsomea Laban Ijumaa tukila, mpaka pale Kitonga anapolifunika sega kwa majani. Aliniuliza tu kama ndege anajua kuwa ameachiwa au anadhani amebahatisha. Nikamwambia sijui, hakuna anayejua, tungependa kujua.

Jana usiku nilimfunikia sahani kama kawaida, ugali na maharagwe, na chapati mbili kwa kuwa mshahara umetoka. Asubuhi amelala, anakoroma, nimemzunguka sikumruka. Sahani ya ugali ilikuwa imeoshwa. Kando yake ilikuwa nyingine imefunikwa, nikaifunua. Ndani chapati moja, nzima, na Nasike ananivuta gauni akisema Ankoli amesema hiyo tusiiguse, ni ya ndege.

Nimelila fungu langu lote, Patrobas, nikiwa nimesimama, machozi yakinitoka. Nasike nimempa kipande.

Wako,
Wacera